Tanzia ya Mapenzi Ianzeje? Njia Nne za Onyesho la Kwanza

Onyesho la kwanza la tanzia ya mapenzi lina kazi mbili zinazovutana. Linatakiwa kuifanya hadhira itamani wapenzi wafanikiwe, na wakati huohuo liifanye iamini kwamba hawatafanikiwa. Tamaa isiyo na hofu huzaa mchezo wa harusi, na hofu isiyo na tamaa huzaa kesi ya mauaji ambayo mtazamaji anaifuatilia kwa udadisi tu. Dakika chache za mwanzo hazitoshi kuzitimiza kazi zote mbili kwa uzito sawa, hivyo mtunzi hana budi kuamua ipi itangulie, na hapo ndipo wengi wanapokwama: sehemu ya kati imekamilika, kifo cha mwisho kimeandikwa vizuri, lakini mwanzo umefutwa na kuandikwa upya mara nyingi na bado haujakaa sawa. Mwongozaji anayeandaa tamthilia ya zamani hukutana na swali lilelile, ingawa kwake linakuja kwa sura ya nini kibaki na nini kipunguzwe.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kutangaza mwisho kabla ya mwanzo, kufungua kwa ugomvi, kuwaacha watu wengine wawazungumze wapenzi kabla hawajaonekana, na kuanza kwa mazungumzo ya faragha ndani ya nyumba. Zote zimejaribiwa kwenye jukwaa kwa karne nyingi, na zote zimezaa tamthilia kubwa.

Maswali ya kuzipimia

Kila njia itaulizwa maswali manne. La kwanza ni hadhira inatoka kwenye onyesho hilo ikijua nini ambacho wapenzi hawakijui. La pili ni wapenzi wenyewe wanaonekana lini, na habari gani zimewatangulia. La tatu ni kama kitu kitakachowaua kimeonyeshwa, kimetajwa tu, au kimefichwa. La nne ni gharama yake jukwaani, yaani idadi ya waigizaji, ugumu wa mazoezi na kiwango cha usikivu kinachodaiwa kwa watazamaji ambao pengine bado wanatafuta viti vyao. Swali hili la nne husahauliwa sana na wanaosoma tamthilia vitabuni, lakini ndilo la kwanza kukumbukwa na wanaozicheza.

Kwa maoni yangu swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko mengine. Mwanzo unaoelekeza macho upande mmoja huku kifo kikitokea upande mwingine huiacha hadhira ikihisi imedanganywa, hata kama kila mstari wake umeandikwa kwa ustadi.

Kutangaza mwisho kabla ya mwanzo

Mfano unaojulikana kuliko yote ni utangulizi wa Romeo and Juliet ya Shakespeare, soneti ya mishororo 14 inayosemwa na mhusika aitwaye Korasi kabla ya tukio lolote kutokea. Katika mishororo hiyo hadhira inaambiwa kwamba kuna familia mbili zenye hadhi sawa katika mji wa Verona, kwamba chuki yao ya kale imezuka upya, kwamba watoto wao wawili watapendana na kufa, na kwamba kifo chao ndicho kitakachozima ugomvi wa wazazi. Inaambiwa hata muda wa mchezo wenyewe, takriban saa mbili. Kinachoachwa ni majina: wapenzi hawatajwi popote katika utangulizi huo.

Baada ya hapo hadhira inajua kila kitu isipokuwa namna kitakavyotokea, na kwa sababu hiyo taharuki inabadilika tabia. Mtazamaji haulizi tena kama watapona, bali anaanza kuhesabu nafasi za kupona zinazopotea. Barua ya Kasisi Laurence, aliyewafungisha wapenzi ndoa ya siri, inapokwama kwa sababu mjumbe wake amefungiwa ndani ya nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni, anayejua mwisho huumia zaidi kuliko asiyejua, maana yeye ameiona barua hiyo ikishindwa kabla haijaandikwa. Kuhusu muuaji, utangulizi unataja wawili kwa mkupuo, yaani uhasama wa wazazi na nyota zisizowatakia mema wapenzi, wala hausemi yupi mwenye nguvu zaidi.

Gharama yake ni ndogo mno: mwigizaji mmoja na muda mfupi. Hata hivyo, mwigizaji huyo lazima awe na sauti na utulivu wa kuinyamazisha hadhira, kwa kuwa maneno hayo yakimezwa na kelele hayarudiwi. Hatari nyingine humwangukia mtunzi mwenyewe, ambaye akishaupata mdomo wa msimulizi hushawishika kuutumia kueleza kila alichoshindwa kukionyesha kwa vitendo.

Njia hii humfaa anayesimulia kisa ambacho watu tayari wanakijua, au kisa ambamo bahati mbaya ina nafasi kubwa, kwa sababu tangazo la mwanzo huifanya bahati hiyo ionekane kama majaaliwa badala ya uvivu wa mwandishi. Haimfai yule ambaye tamthilia yake inategemea siri itakayofichuka katikati. Tena si ya lazima hata pale inapong'ara: toleo la tamthilia zilizokusanywa za Shakespeare lililochapwa mwaka 1623 liliuacha utangulizi huo, na mchezo ukaanza moja kwa moja na watumishi barabarani.

Kufungua kwa ugomvi

Watumishi hao ndio mfano wa njia ya pili, na onyesho lao linastahili kutazamwa kwa karibu, kwani wengi huliona kama kelele za kuamsha watu kabla ya mchezo wenyewe kuanza. Samson na Gregory, vijana wa nyumba ya Capulet, wanaingia wakiwa na panga na ngao, wakifanya mizaha ya matusi kuhusu wanaume na wanawake wa Montague. Wanapowaona watumishi wa Montague, Samson anauma kidole gumba, ishara ya tusi, na anapoulizwa kama anawaumia wao kidole hicho, anamgeukia kwanza mwenzake na kumuuliza kwa sauti ya chini kama sheria itakuwa upande wao akijibu ndiyo. Anaambiwa hapana. Basi anajibu kwamba yeye anauma kidole chake, ila hawaumii wao. Hadhira inacheka, na bado haijaacha kucheka panga zinapochomolewa.

Kuanzia hapo watu wanaingia kwa kupanda ngazi za cheo. Benvolio, mpwa wa Montague, anachomoa upanga ili awaamue. Tybalt wa upande wa pili anamkuta na upanga mkononi na kumwambia kwamba neno amani analichukia kama anavyoichukia jehanamu. Raia wanafika na marungu. Mzee Capulet anatoka na joho lake akidai upanga, naye mkewe anamuuliza kwa nini asidai mkongojo. Montague anataka kumfuata, na mkewe anamzuia. Mwishoni anakuja Mtawala wa Verona, ambaye anasema huu ni ugomvi wa tatu kuvuruga mitaa, na anatamka kwamba atakayerudia atalipa kwa uhai wake. Mzaha wa watumishi wawili umeufikia utawala mzima wa mji, na chanzo cha chuki yenyewe hakijatajwa. Hakitatajwa kamwe.

Kwa upande wa maarifa, hadhira inajua kanuni za mji ambamo mapenzi yatazaliwa, na inazijua kwa kuziona, si kwa kuelezwa. Amri ya Mtawala ndiyo mhimili wa tanzia nzima. Romeo atakapomuua Tybalt, swali la adhabu litaamuliwa dhidi ya amri hiyo, na badala ya kifo atafukuzwa mjini, na kufukuzwa huko ndiko kutakakoilazimu barua isafiri na kukwama. Benvolio anayeshindwa kuamua ugomvi kwa sababu upanga wake umetafsiriwa vibaya anamtangulia Romeo mwenyewe, ambaye baadaye ataingia kati ya Tybalt na Mercutio, rafiki yake Romeo, kwa nia njema, na kwa kuingia kwake Mercutio atachomwa. Kwa hiyo muuaji ameonyeshwa mchana kweupe, tena akiwa katika vazi la kuchekesha.

Ama wapenzi, Romeo anakuja vurugu zikiwa zimekwisha, baada ya mama yake kuuliza yuko wapi na kushukuru kwamba hakuwemo. Tunasikia kwanza kwamba alionekana kabla ya mapambazuko akitembea peke yake chini ya miti, na kwamba hujifungia chumbani na kuziba madirisha ili mchana uwe usiku. Kisha anaingia, akimlilia msichana mwingine kabisa. Juliet, binti wa Capulet, haonekani hadi onyesho la tatu, na wawili hao hawakutani hadi la tano. Ucheleweshaji huo ni udhaifu kwa asiye na subira, lakini unampa mtunzi nafasi ya kuonyesha tofauti kati ya kijana anayependa kupenda na kijana aliyependa.

Gharama yake ni kubwa. Inahitaji watu wengi, silaha, na mazoezi ya mapigano yanayofanywa kwa uangalifu ili asijeruhiwe mtu, na kundi dogo litalazimika kumtumia mwigizaji mmoja kwa nafasi mbili au tatu. Kwa upande mwingine, haidai usikivu mwingi, kwani anayechelewa kuingia ukumbini bado ataelewa kwamba watu wanapigana na kwamba mkubwa amewakataza.

Njia hii humfaa mtunzi ambaye wapenzi wake wanauawa na jamii: koo, tabaka, dini, vita au sheria. Haimfai ambaye msiba wake unatoka ndani ya moyo wa mpenzi mmoja, kwa sababu panga za mwanzo zitaahidi adui wa nje ambaye hatakuja.

Wapenzi kusemwa kabla hawajaonekana

Antony and Cleopatra, nayo ya Shakespeare, inafunguliwa na askari wawili wa Kirumi mjini Alexandria, Philo na Demetrius. Philo analalamika kwamba jemadari wao, Antony, amepita kiasi, na kwamba macho yaliyokuwa yakiwaka juu ya majeshi sasa yanainama mbele ya mwanamke mmoja. Anamwambia mwenzake atazame kwa makini, na wapenzi wanaingia. Neno la kwanza la Cleopatra ni kutaka aambiwe anapendwa kiasi gani, na Antony anajibu kwamba penzi linaloweza kuhesabika ni la kimaskini. Wajumbe kutoka Roma wanakataliwa, wapenzi wanatoka, na askari wawili wanabaki kusikitika. Hatutamwona Philo tena katika mchezo mzima, wala mwenzake.

Othello, ya mtunzi huyohuyo, inatumia mbinu hiyohiyo kwa ukali zaidi. Usiku, katika mtaa wa Venice, Iago, ofisa aliye chini ya Othello, na mwenzake Roderigo wanamwamsha mzee Brabantio na kumweleza kwa lugha chafu kwamba binti yake, Desdemona, ametoroka na kuolewa na Othello. Katika onyesho zima la kwanza Othello hatajwi kwa jina lake hata mara moja. Anaitwa kwa asili yake na kwa kejeli juu ya rangi yake. Kisha onyesho la pili linamleta mtu mtulivu, mwenye heshima, ambaye kwa sentensi moja anawafanya watu wenye hasira warudishe panga alani.

Hapa hadhira haipewi matukio, inapewa hukumu, na kazi yake inakuwa kuipima hukumu hiyo kwa macho yake. Katika mfano wa kwanza hukumu ina ukweli fulani, kwa kuwa Antony kweli anapuuza dola, ingawa Philo haoni kilichopatikana badala yake. Katika mfano wa pili hukumu ni ya uongo, na hadhira inajua kwamba msemaji, Iago, ni mwongo, kwa sababu amekiri mwenyewe kwamba sivyo anavyoonekana. Muuaji wa Desdemona kwa maana pana yuko mbele yetu tangu mstari wa kwanza, na chombo chake, yaani neno linalonong'onezwa gizani kwa mtu aliye tayari kuliamini, kinajaribiwa kwa Brabantio kabla hakijatumiwa kwa Othello.

Gharama ya waigizaji si kubwa, lakini mzigo wa mwigizaji mkuu ni mzito, maana anaingia kwenye jukwaa ambalo tayari limemhukumu, na asipokuwa na mvuto wa kuivunja hukumu hiyo mara moja, hadhira itabaki na maneno ya wasengenyaji hadi mwisho. Njia hii inafaa pale wapenzi wanapokuwa na jina, cheo au tofauti inayowafanya watu wawajadili. Haifai kwa vijana wawili wasiojulikana na yeyote, kwa kuwa mtunzi atalazimika kubuni sababu ya watu wazima kusimama barabarani na kuwazungumza, na sababu ya kubuni huonekana haraka.

Mazungumzo ya faragha

Njia ya nne ndiyo nyepesi kuandika vibaya. Watu wawili wako chumbani, mmoja anamweleza mwenzake habari ambazo mwenzake anazijua tangu zamani, na hadhira inaelewa kwamba maelezo hayo yanaelekezwa kwake. Racine, mtunzi wa Kifaransa, katika Phèdre iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1677, aliliepuka shimo hilo kwa kumpa msikilizaji kitu ambacho kweli hakijui. Hippolyte anamwambia mlezi wake Théramène kwamba ameamua kuondoka kumtafuta baba yake aliyepotea kwa zaidi ya miezi 6. Théramène haelewi sababu, anakisia, anakosea, anabana, hadi Hippolyte anakiri kwamba anamkimbia Aricie, binti wa ukoo ambao baba yake ameuangamiza na ambaye amekatazwa kuolewa. Mlezi huyohuyo ndiye atakayerudi mwishoni kusimulia kifo cha Hippolyte, hivyo aliyeipokea siri ya kwanza ndiye anayeileta habari ya mwisho.

Lorca, mtunzi wa Kihispania, aliipeleka njia hii mbali zaidi katika Bodas de sangre, iliyooneshwa mara ya kwanza Madrid mwaka 1933. Bwana Harusi anaaga anakwenda shambani, na anamwomba mama yake kisu ili akakate zabibu. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini mama, ambaye mume wake na mwanawe mwingine waliuawa, anaanza kuvilaani visu, bunduki na hata majembe, na mwana anajaribu kumtuliza kwa mzaha na kwa habari za uchumba wake. Akishaondoka, jirani anaingia, na kupitia kwake mama anagundua kwamba mpenzi wa zamani wa mchumba wa mwanawe ni Leonardo, wa ukoo wa Félix, ukoo wa wauaji. Jirani anamtetea: Leonardo alikuwa na miaka 8 tu mambo hayo yalipotokea. Katika tamthilia nzima yeye peke yake ndiye mwenye jina. Wengine huitwa kwa nafasi zao.

Maarifa ya hadhira hapa ni nusunusu, na unusu huo una nguvu yake. Kisu kimetajwa na kuombwa, ila hakijamgusa mtu. Jina limetamkwa, ila mwenyewe hajaonekana. Tena hadhira imefundishwa kumpenda kijana ambaye si mmoja wa wapenzi wa tanzia hii, kwani Bibi Harusi atatoroka na Leonardo. Mapenzi yatakapozuka hayatapokelewa kwa furaha tupu, kwa sababu tayari tunamjua atakayeumizwa nayo.

Chumba kimoja na waigizaji wawili au watatu vinatosha. Gharama iko kwenye usikivu: sauti ni ndogo, tukio ni dogo, na anayekosa sentensi tano huenda akakosa ukoo mzima. Humfaa mtunzi ambaye msiba wake unatokana na siri, kumbukumbu au tamaa isiyosemeka, na humfaa mwongozaji mwenye waigizaji wachache walio hodari. Kwenye uwanja wa wazi wenye upepo na watu wanaopita, ataijutia.

Kuchagua kwa kuangalia hali

Njia hizi huchanganyika. Onyesho la kwanza la Romeo and Juliet lenyewe, ukiacha utangulizi wake, linaanza kwa ugomvi, linaingia kwenye wazazi wanaomzungumza mwana wao, na kumalizika kwa mazungumzo ya faragha kati ya Romeo na Benvolio. Kuna mpangilio katika mchanganyiko huo, kutoka kwa umma kwenda kwa mtu mmoja, na anayetaka kuuiga heri aanze na njia moja anayoimudu, kisha aongeze ya pili pale ya kwanza inapoacha pengo.

Mwenye kundi kubwa la vijana wenye nguvu kuliko ufundi wa sauti atapata nafuu kwa ugomvi, kwa sharti kwamba ugomvi huo uache kitu kitakachotumika baadaye: amri, kiapo, jeraha au deni. Ukimalizika bila kuacha chochote, ni wa kupunguzwa. Mwenye waigizaji wanne na ukumbi mtulivu ataona mazungumzo ya faragha yakimlipa zaidi, na tangazo la msimulizi linaweza kuwekwa mbele yake bila kuongeza mtu.

Anayeandika kuhusu wapenzi ambao umri, rangi, imani au cheo chao kinawakera watu ajaribu kwanza njia ya kuwaacha wasemwe, na aamue mapema kama wasemaji wanakosea, wana haki kiasi, au wanadanganya makusudi, kwa kuwa kila jibu linadai mlango tofauti wa kuingilia kwa wapenzi. Anayeogopa kwamba mwisho wake utaonekana wa kubahatisha, kwa mfano ajali, ujumbe uliopotea au saa iliyochelewa, afikirie kuutangaza mwanzoni. Lakini ikiwa mtazamaji anatakiwa kushtuka kwa kugundua mtu fulani ni nani, utangazaji uachwe kabisa.

Kwa anayepunguza tamthilia ndefu ili itoshee muda mfupi, vishawishi viwili ni kuondoa watumishi kwa sababu wanachekesha tu, na kuondoa mazungumzo ya mwanzo kwa sababu hakuna kinachotokea. Kabla ya kukata, asome onyesho la mwisho na kuandika pembeni vitu vyote vinavyosababisha kifo, kama ni kisu, amri ya mtawala, neno la uongo au jina la ukoo, kisha arudi kwenye kurasa za mwanzo na kuweka alama kila mahali kimojawapo kinapotajwa. Mistari yenye alama ibaki, hata kama ni ya mtumishi asiye na jina, na mkasi uanzie kwenye ile iliyobaki mitupu.